Jibu la Mstari wa Mwisho

Mshenga kutoka Mazabuka alimaliza kikombe cha pili cha chibwantu, kinywaji chetu cha mahindi, kabla hajasema alichotumwa, na hapo Esnart akajua kuwa neno lenyewe si zuri. Habari njema angeimwaga tangu mlangoni. Huyu alikunywa, akasifu chibwantu ilivyochachuka vizuri, akasifu ng'ombe, akamsifu hata mbwa, ambaye kwa kweli hana cha kusifiwa.

"Binti wamemkubali," alisema hatimaye. "Nchimunya anampenda, mama yake Nchimunya anampenda. Mahari hawana ubishi. Ila mjomba wake, Bwana Munsaka, ana neno. Ule wimbo wenu."

"Upi?" Jairos aliuliza. "Sisi nyimbo tunazo nyingi."

"Baba Choolwe, usinisumbue. Unaujua."

Jairos aliujua. Kwetu Monze wote wanaujua, na tangu redio ya wilaya ianze kuupiga kila Jumapili asubuhi, hata wa Mazabuka wanaujua.

"Anasema siku watakayokuja hapa usiimbwe," mshenga aliendelea, akikitazama kikombe kilichokwisha kauka. "Na siku ya arusi usiimbwe. Na baada ya arusi, kwa heshima ya wakwe, mngeuacha kabisa. Anauliza, nyumba ambayo mwanamke anamwimba mumewe hadharani, na mume anamsaidia kwa gitaa, binti wa nyumba hiyo atamwimba mpwa wake namna gani? Hayo si maneno yangu. Mimi ni mdomo tu."

Jairos alimtazama mkewe. Esnart alikuwa anamenya karanga, na hakuacha kumenya.

"Mwambie tumesikia," alisema. "Hautaimbwa."

Alisema hivyo upesi mno. Mshenga mwenyewe, aliyekuja amejiandaa kubishana hadi jioni, akabaki hana la kufanya. Akaomba kikombe cha tatu.

Kwetu mwanamke ana wimbo wake. Tunauita impango. Anautunga kwa yale yaliyompata mwenyewe, shoga mwenye sikio zuri anamtafutia sauti, kisha siku ya sherehe anasimama mbele za watu na kuuimba. Ni mali yake kama sufuria zake. Mwingine haruhusiwi kuuimba mpaka apewe ruhusa, na mwenyewe akishauimba hawezi kuufuta, maana kuufuta ni kusema alidanganya. Wanawake wengi wamewaimba waume zao hivyo, na waume husikiliza wakiwa mbali kidogo, au hujifanya wana ng'ombe wa kutafuta. Jairos Hamoonde ni mume wa pekee tunayemjua aliyevuta kigoda, akaketi kando ya mkewe na kumshtaki mwenyewe kwa sauti ya pili.

Wimbo ulianza siku aliporudi kutoka Sinazongwe, ziwani, na gitaa alilolichonga kwa mbao za sanduku la samaki. Esnart alisimama kwenye sherehe ya jirani akatikisa manyanga na kumwimba hadharani ili arudi alikotoka. Jairos hakuondoka. Alilishika gitaa, akatafuta sauti chini ya sauti yake, akaitikia. Zile sauti mbili zilishikana vizuri mno kuliko walivyotaka wenye nazo. Watu walilia, watu walicheka, na ndoa ikaendelea kwa njia hiyo. Ukiwaalika leo kwenye arusi watakuimbia mvua, ng'ombe, mashemeji wachoyo, chochote. Lakini usiku wa sherehe haufungwi mpaka usikie ule:

*Nilikopa jembe kwa Lontia.*
*Ni kweli.*
*Tukachimba wanawake peke yetu, udongo wa Oktoba.*
*Ni kweli.*
*Shimo fupi, la mtoto mfupi.*
*Ni kweli.*
*Baba yake yuko ziwani anaanika dagaa.*
*Ni kweli.*
*Na kuna mwanamke anampikia.*
*Ni kweli.*
*Nilimpa dereva wa lori ujumbe. Ulifika, au aliudondosha njiani?*

Hapo Jairos haitikii. Hapo gitaa linapiga peke yake, taratibu, linashuka mpaka linanyamaza. Mtangazaji wa redio alisema mwisho ule ndio ufundi wenyewe. Jairos alimshukuru.

*

Choolwe aliposikia habari alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa mdogo sana kaka yake Malambo alipozikwa. Alichokumbuka ni kunyimwa kwenda kucheza.

"Mama, mimi sikumtuma yule mjomba," alisema.

"Sijasema ulimtuma."

"Lakini nashukuru umekubali." Alisema hivyo akiwa ameinama kwenye beseni, anaosha vyombo. "Chuoni wananiita Ni Kweli. Mwalimu akiniuliza swali nikajibu, darasa zima linaitikia, ni kweli. Nimechoka, mama. Nataka kuolewa kama mtu wa kawaida."

"Utaolewa."

"Umekasirika?"

"Nikikasirika utajua. Suuza hiyo sufuria vizuri, ina ukoko."

Jairos, nje, alisikia yote. Hebu tusimfiche: alifurahi. Alikuwa amebeba ule wimbo kwa miaka, kila arusi, kila mavuno, watoto wadogo wakimwonyesha kidole, na sasa mtu mwenye cheo cha mjomba alikuwa amemtua mzigo bila yeye kuomba. Wiki ile alirekebisha ua, akampiga mbwa dawa ya kupe, akaimba peke yake zizini. Hata chakula kilimkolea.

Siku mbili tatu baadaye akaja na wazo. Walikuwa wanapukuchua mahindi, kama kawaida yao, maana mazoezi yao hufanyika mikono ikiwa kazini na gitaa likiwa limeegemea ukuta likisubiri.

"Sauti ni nzuri, tusiitupe," alisema. "Tubadili maneno tu. Nimetunga kuhusu mvua. Sikiliza. *Mawingu yametoka magharibi.* Mimi naitikia, *ni kweli.* *Ng'ombe wamenusa maji.* *Ni kweli.*"

"Haya, imba."

Waliimba. Esnart hakufanya hila yoyote, alitoa sauti yake yote, sauti ya pua kidogo ambayo watu huijua ikiwa bado ng'ambo ya bonde. Kila kitu kilikaa mahali pake. Walipomaliza, walikuwa kama watu waliokula chakula kisicho na chumvi na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Umeonaje?" Jairos aliuliza.

"Mvua ni kitu kizuri," alisema Esnart, akachukua gunzi jingine.

*

Kijijini neno halina mguu lakini linafika kabla yako. Kabla ya wiki kwisha watu walijua kuwa wimbo umeachwa, ila hawakujua kwa nini, na pale wasipojua walijaza wenyewe.

Kisimani Esnart alikuta foleni imekaa kimya ghafla. Bi Lontia alikuwepo, yule yule wa jembe. Yeye ni mtani wa ukoo wa Esnart, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtukana asubuhi hadi jioni bila mtu kununa. Tena ndiye aliyemtafutia sauti ya ule wimbo tangu mwanzo.

"Mchawi umekuja," alisema Lontia. "Wenzako hapa wanasema ulimsingizia mumeo. Miaka yote hiyo mwanamume wa watu anaitikia tu kwa upole wake, kumbe uongo. Sasa Mungu amekuumbua."

Kwa kawaida wangecheka. Hawakucheka. Mwanamke mmoja kijana alijishughulisha na kamba ya ndoo.

"Ndivyo wanavyosema?" Esnart aliuliza.

"Nakutania kwa sababu ni haki yangu. Hao hawakutanii." Lontia alishusha sauti. "Mwenzangu, wimbo nimeutengeneza na wewe. Kaburi nimelichimba na wewe. Ukiuficha, na mimi ni mwongo."

"Choolwe anaolewa."

"Najua."

"Basi."

Alijitwisha ndoo akaondoka. Njiani maji yalimwagika begani kwake, na hilo lilimuudhi kuliko yote, maana hajawahi kumwaga maji tangu akiwa msichana.

Siku hiyo hiyo Jairos alikuwa joshoni na ng'ombe wake. Jirani mmoja mwenye fahali wengi na maneno mengi zaidi alimshika bega.

"Hongera, Hamoonde. Umesafishwa. Mimi siku zote nilisema, huyu bwana hana kosa, mke tu ana mdomo. Njoo nikununulie moja."

Jairos angeweza kusema neno. Alilitafuta, na wanaume walikuwa wanamtazama kwa wema, wema ambao hajauona tangu arudi kutoka ziwani. Alikwenda nao dukani, akapewa chupa ya bia baridi, akanywa. Wakamgongea chupa zao. Mmoja akasema wanawake wa siku hizi wameharibika. Jairos akatikisa kichwa, na hakika mwenye kuona angedhani anakubali.

Aliporudi nyumbani alimkuta Esnart amekaa kwenye mlango wa jiko, bega la blauzi limelowa.

"Umekunywa," alisema.

"Moja tu. Nimenunuliwa."

"Kwa sababu gani?"

Jairos alivua kofia, akaivaa tena. "Kwa sababu hiyo unayoijua," alisema.

"Ilikuwa tamu?"

 Jairos aliona aibu, kali kuliko ile ya kuonyeshwa kidole na watoto. Kwenye wimbo aliumbuliwa lakini alikuwa upande wa mkewe. Leo alisafishwa, na alimwacha peke yake kisimani.

*

Wakwe walifika Jumamosi asubuhi, wanaume watatu na mama yake Nchimunya, na Nchimunya mwenyewe nyuma yao kwenye suti iliyombana makwapani. Bwana Munsaka alikuwa mtu mpole kwa sura, aliyewahi kuwa bwana shamba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alizungumza vizuri. Mambo ya ng'ombe yalikwisha bila mtu kupandisha sauti, jambo ambalo kwetu ni nadra na linatia hata wasiwasi.

Esnart hakukaa nao. Mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwewe wa kiume, kwa hiyo alikuwa mlangoni mwa jiko, mgongo umeelekea uwanjani, akisikia kila neno. Ndani ya nyumba Choolwe alikuwa amefunikwa kitenge kipya, akisubiri kuitwa.

Walipokwisha kula kuku na nshima, ugali wetu, Munsaka alijifuta mikono na kutabasamu.

"Tumekuja nyumba ya waimbaji," alisema. "Tutaondoka hivi hivi? Tuimbieni, wakwe zetu. Tunapenda muziki wenu. Isipokuwa ule tulioomba usiimbwe."

"Mmeomba, tumewasikia," alisema Jairos.

Alichukua gitaa. Majirani walikuwa wameshajaa uani, kama wanavyojaa palipo na kuku, na Lontia alikuwa mbele kabisa ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Waliimba wimbo wa ng'ombe aliyepotea. Waliimba wa shemeji mchoyo, na Munsaka alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Esnart aliimba akiwa pale pale mlangoni, mgongo kwa watu, na sauti yake ilikwenda ukutani na kurudi.

Kisha vidole vya Jairos vikaanza mwanzo wa ule mwingine.

 Esnart aliinua kichwa. Alikuwa ametoa ahadi, na ahadi ile aliitoa kwa ajili ya mtoto aliyebaki, kwa hiyo alifumba mdomo. Gitaa likafika mahali pa kuimba jembe. Hakuna aliyeimba. Gitaa likapita pale peke yake, kipimo kizima, kisha Jairos akaitikia.

"*Ni kweli*," aliimba.

Munsaka aliacha kutabasamu. Gitaa likaendelea. Pale pa udongo wa Oktoba, kimya. "*Ni kweli.*" Kila mwanamke pale uani alikuwa na maneno mdomoni, na hakuna aliyeyatoa, kwa sababu si yake. Mama mmoja alijiziba kwa ncha ya kitenge. Pale pa shimo fupi, kimya, na mtoto wa mtu akalia akanyonyeshwa. "*Ni kweli.*" Choolwe alikuwa ametoka ndani bila kuitwa, amesimama kizingitini. Wimbo huo aliusikia maisha yake yote na aliuchukia, lakini hajawahi kumsikia baba yake humo. Sauti ya pili huwa haisikiki mpaka ya kwanza inyamaze.

"Huyu anakubali nini?" Munsaka aliuliza, akimgeukia Lontia aliyekuwa karibu. Mjomba huyo wimbo aliusikia kwa kuhadithiwa tu. "Kweli nini?"

"Mimi ni mtani wa nyumba hii, nina ruhusa ya kusema lolote," alisema Lontia. "Hilo silisemi. Muulize mwenyewe."

"*Ni kweli*," aliimba Jairos, kwa ajili ya dagaa. "*Ni kweli*," kwa ajili ya yule mwanamke.

Kikafika kile kipande ambacho gitaa hupiga peke yake mpaka linyamaze, ule mwisho uliosifiwa redioni. Jairos aliweka kiganja juu ya nyuzi. Sauti ilikatika ghafla, bila uzuri wowote.

"Ulifika," alisema.

Hakuimba. Alisema tu, kama mtu anayejibu akiitwa jina. Mgongo wa Esnart ulinyooka.

"Mke wangu aliniuliza kama ujumbe ulifika," Jairos alimwambia Munsaka, ingawa macho yake yalikuwa kwenye ule mgongo. "Ananiuliza kila sherehe, na mimi nampigia gitaa. Niliporudi nilisema dereva hakunikuta. Alinikuta. Alinikuta nimekaa naanika dagaa, akaniambia mwanao Malambo amefariki, lori linarudi mchana, twende. Nauli hakutaka. Nikamwambia ngoja nivae shati. Niliingia ndani sikutoka. Nilisikia lori linapiga honi, nikasikia likiondoka."

 Nchimunya alitazama viatu vyake. Mama yake alikuwa analia bila kujificha.

"Wiki hii watu wamenipongeza kwamba nilisingiziwa," Jairos alisema. "Wamenipa bia. Nimeinywa. Mama Choolwe hakunisingizia hata neno. Alipunguza."

Alilaza gitaa chini. Wote wakamgeukia Munsaka, kwa kuwa ng'ombe na binti na siku nzima ile vilikuwa mkononi mwake. Bwana shamba aliokota kalamu yake iliyoanguka, akaifuta vumbi, akairudisha mfukoni, na alichukua muda wake.

"Sisi tuliomba wimbo usiimbwe," alisema. "Haukuimbwa. Nyote ni mashahidi."

Akamtazama mpwa wake. "Wewe. Siku mkeo akikuita, hata kama ni kwa wimbo, ukasikia honi, utatoka?"

"Nitatoka, mjomba," alisema Nchimunya.

"Haya. Basi binti aje tumwone."

Choolwe alikwenda. Kwanza, hata hivyo, alipitia mlangoni mwa jiko, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuweka kichwa kwenye mapaja yake. Esnart alimshika kichwani kwa mkono wenye unga. Hakugeuka kumtazama mumewe.

*

Esnart alikaa kwa Lontia tangu jioni ile. Hakuaga na hakuna aliyemuuliza. Jairos alijipikia nshima yenye mabonge, akagawana na mbwa. Wanaume wa josho walimwona na kumsalimia kwa mbali.

Sisi hatuendi makaburini ovyo. Tukishazika tumezika, na anayekwenda bila sababu atasemwa. Lakini mtani ana njia pale, maana ndiye anayeingia na maiti na kufanya mzaha wakati wengine hawawezi kusimama. Kwa hiyo asubuhi moja Lontia alipopita na jembe begani, Esnart nyuma yake, kuelekea kule kwenye miti, hakuna aliyeshangaa. Kilichoshangaza ni kwamba walisimama kwenye ua wa Hamoonde.

"Wewe mwanika dagaa," aliita Lontia. "Honi imelia."

Jairos alitoka kifua wazi. Alirudi mlangoni kutaka shati, kisha akaona alichokuwa anafanya, akaacha. Aliwafuata hivyo hivyo.

Kaburi lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Miaka yote aliyoliitikia hakuwahi kulikanyaga. Magugu yalikuwa yamelifunika, na jiwe la kichwani lilikuwa la kawaida tu, la kusagia, limevunjika upande.

Esnart alichukua jembe kwa Lontia, akampa. Ndilo lile lile, mpini tu umebadilishwa.

"Uliwaambia watu," alisema. "Mimi bado hujaniambia."

Jairos alilishika jembe. "Ulifika, mama," alisema. Kilichofuata hakikueleweka, kwa sababu alikuwa analia, na wanawake wale wawili walimwachia alie. Mtani angeweza kutia mzaha hapo, ndiyo kazi yake. Lontia alitazama kwingine.

"Palilia," alisema Esnart baadaye. "Jua linapanda."

"Nianzie wapi?"

Esnart alimwonyesha kwa mguu.

"Kichwani," alisema. "Alilala huku."